Fremu Zilizobaki: Samuel Fosso na Picha Zisizo na Mteja

Waliofanya kazi ya studio zama za mkanda wanalijua tatizo hili. Mteja anataka picha zake kesho asubuhi, na mkanda uliomo kwenye kamera haujaisha. Ukiutoa sasa ukausafishe, fremu tatu au nne zinakwenda bure. Ukisubiri ujae, mteja anahamia kwa jirani. Wengi waliutoa tu na kuihesabu hasara hiyo kuwa sehemu ya biashara. Mjini Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, katikati ya miaka ya 1970, mpigapicha mmoja aliyekuwa bado mtoto aliamua kuzimalizia fremu hizo kwa kujipiga mwenyewe.

Huyo ni Samuel Fosso. Mwaka 2023 alipewa tuzo ya Deutsche Börse, moja ya tuzo kubwa za upigapicha barani Ulaya, yenye pauni 30,000, baada ya maonyesho ya kazi zake za maisha mjini Paris. Lakini tuzo siyo inayonifanya nimchambue. Kisa chake kinagusa swali ambalo watu wa kazi hii huulizana msimu wa harusi unapopoa: mawazo mapya yanatoka wapi? Ushauri unaotolewa tunaujua sote. Safiri, badilisha lenzi, fuatilia kazi za mabingwa, lipia mafunzo. Sina ugomvi nao, ila wote unadhani kwamba wazo liko mahali pengine, na kwamba kazi yako ya kila siku ndiyo inayokuzuia kulifikia. Kwa Fosso wazo lilitoka kwenye mabaki ya kazi ileile ya pasipoti na ubatizo, na ukifuatilia miaka iliyofuata utaona kwamba hakuachana nayo kirahisi.

Alikotoka

Fosso alizaliwa mwaka 1962 huko Kumba, Kameruni, karibu na mpaka wa Nigeria, katika familia ya Waigbo. Alikuwa na ulemavu utotoni, viungo vimepooza, na babu yake aliyekuwa mganga ndiye aliyemhangaikia mpaka akasimama. Katika mahojiano ameeleza jambo ambalo kwangu ndilo ufunguo wa kisa kizima. Ilikuwa desturi kwao kumpeleka mtoto mchanga studio akiwa na miezi mitatu hivi, apigwe picha ya kumbukumbu. Yeye hakupelekwa. Kwa hali aliyokuwa nayo, baba yake hakuona sababu ya kutoa pesa. Kwa hiyo mtu ambaye baadaye angejipiga maelfu ya picha hakuwa hata na ile moja ambayo kila mtoto wa rika lake alikuwa nayo.

Kisha ikaja vita ya Biafra huko Nigeria, 1967 hadi 1970. Mama yake alifariki, naye akawa mikononi mwa bibi na babu hukohuko Nigeria. Mwaka 1972 jamaa wa ukoo aliyekuwa akitengeneza viatu vya kike Bangui alimchukua. Mtoto alianzia kwenye ufundi viatu, lakini jirani kulikuwa na mpigapicha. Akaomba kufundishwa, akajifunza kwa miezi michache tu, na mwaka 1975, akiwa na miaka 13, akafungua studio yake mwenyewe. Aliita Studio Photo Nationale. Tangazo lake liliwaahidi wateja kwamba wakipigwa pale watatoka wazuri, maridadi, na wenye kutambulika kwa urahisi. Ahadi hiyo ya mwisho inanichekesha kila nikiisoma, maana ni ahadi ya mtu anayeijua riziki yake: picha ya kitambulisho isiyomfanana mwenyewe inarudishwa, na pesa inarudi nayo.

Mabaki na mpokeaji

Sasa tuitazame ile hesabu ya fremu kwa karibu. Picha zake za miaka ile ni za mraba. Kamera ya mraba inayotumia mkanda wa namba 120 hutoa fremu 12 kwa mkanda. Siyo 36. Mteja wa pasipoti anachukua moja au mbili, familia inachukua mbili au tatu, na jioni ikifika unabaki na kipande ambacho huwezi kumuuzia mtu tena usiku ule. Kipande hicho kimeshalipiwa na wateja wa mchana. Dawa za kusafishia zitatumika kiasi kilekile, fremu ziwe 9 au 12. Kwa lugha ya biashara, gharama ya kujaribu jambo ilikuwa karibu na sufuri, na gharama ya kutojaribu ilikuwa hasara. Sijui studio nyingi ambazo mizani yake imekaa hivyo.

Lakini mabaki peke yake hayatoshi kueleza picha hizi. Studio zote za Afrika zilikuwa na fremu za mwisho. Kilichoongezeka kwa Fosso ni mtu wa kumpelekea. Bibi yake alikuwa bado Nigeria. Alikuwa na wasiwasi wa mjukuu aliyechukuliwa baada ya vita na kupelekwa nchi ya mbali, na barua haimwonyeshi mtu amenenepa au amekonda. Picha inaonyesha. Fosso alijipiga ili amtumie bibi, aone kwamba mjukuu yupo, mzima, anakula, anavaa, ana biashara yake.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosimulia kisa hiki kama hadithi ya kijana aliyependa kujitazama. Picha anayotumiwa bibi ina kazi ya kufanya. Inabidi mguu ulionyooka uonekane umenyooka. Inabidi viatu vionekane, kwa hiyo unarudisha kamera nyuma upate mwili mzima, na ukirudisha nyuma unaingiza sakafu, kingo za pazia na hata taa. Ndiyo maana katika picha kadhaa za wakati ule unaziona taa za studio zimesimama pembeni ndani ya fremu, pazia limevutwa upande, na kijana yuko katikati kama mtu aliye jukwaani. Mpigapicha wa pasipoti angezikata taa zile. Yeye aliziacha, na leo wahakiki huandika kurasa juu yake. Naona inatosha kusema kwamba alitaka studio yenyewe ionekane, maana studio ndiyo iliyokuwa habari njema ya kumpelekea bibi.

Picha nyingine hakumtumia. Alibaki nazo mwenyewe, na hizo ndizo zilizokuja kumpa jina. Humo kuna suruali za bugaluu pana, raizoni zenye soli ya kumfanya mtu aongezeke nusu futi, miwani mikubwa myeusi, mashati ya kubana. Mengi ya mavazi hayo alishonewa na fundi wa mtaani kwa kuiga aliyoyaona kwa mwanamuziki Prince Nico Mbarga, ambaye hata huku kwetu watu wazima wanamfahamu vizuri, na kwenye majarida yaliyokuwa na picha za Wamarekani Weusi. Bangui ya wakati ule ilikuwa ya Jean-Bédel Bokassa, aliyetwaa madaraka mwaka 1966 na kujivika taji la kaizari Desemba 1977. Tawala za namna hiyo hazipendi vijana wavae wapendavyo, na siyo huko tu. Wasomaji wa Tanzania wenye umri wao wanaikumbuka Operesheni Vijana iliyotangazwa na Umoja wa Vijana wa TANU mwaka 1968, ikipiga vita sketi fupi na suruali za kubana. Ndani ya studio, mlango ukishafungwa usiku, operesheni haifiki.

Tazama sasa ni vitu gani havikuwa vipya katika jaribio lile. Taa zilikuwa zilezile za mchana. Pazia lilelile, sakafu ileile, kamera na mkanda vilevile. Mkono wake ulishazoea umbali na mwanga wa chumba kile kwa kuwapiga wateja siku nzima, kwa hiyo usiku hakuwa akijifunza ufundi. Alikuwa akibadilisha kitu kimoja tu, nani anasimama mbele ya kamera na anajifanya nani. Nimeona wenzetu wengi wakitafuta wazo jipya kwa kubadilisha kila kitu kwa mpigo, eneo jipya, vifaa vipya, mtindo mpya wa kuhariri, halafu kazi ikitoka mbovu hawajui ni kipi kilichoiharibu.

Miaka ambayo hakuna aliyeuliza

Ukisoma wasifu mfupi wa Fosso utaruka kutoka 1975 hadi 1993 kwa sentensi moja. Mimi ningependa tusimame hapo. Kwa miaka 18 alikuwa mpigapicha wa mtaa. Alifungua asubuhi, akapiga wanaharusi, watoto, wafanyakazi waliohitaji vitambulisho. Picha za usiku zilikaa kwenye makasha yake. Hakuna aliyezitaka na yeye hakumtangazia mtu.

Mwaka 1993 mpigapicha Mfaransa Bernard Descamps alikuwa Bangui akitafuta wapigapicha wa Kiafrika kwa ajili ya tamasha jipya la upigapicha mjini Bamako, Mali. Alipofika kwa Fosso, zilizomvutia ni zile za mabaki. Mwaka 1994 zikatundikwa Bamako katika tamasha la kwanza, na kijana wa pasipoti akajikuta anatajwa sentensi moja na wapigapicha wakongwe wa Mali, Seydou Keïta na Malick Sidibé.

Hadithi ya namna hii inapendwa sana, ya mgeni anayekuja na kugundua. Ni kweli ilitokea, lakini kwa anayetaka kujifunza kazi haina msaada mkubwa, kwa sababu huwezi kupanga nani atabisha hodi. Unachoweza kupanga ni kwamba akibisha, pawe na kasha. Negativu, yaani mikanda iliyokwisha kusafishwa, zilikuwepo, zimetunzwa, zinasafishika upya. Ukanda huu wetu nao ulikuwa na watu wa aina hiyo. Lamu kulikuwa na Bakor Studio, ambako Omar Said Bakor alikuwa akikata na kuunganisha vipande vya picha mpaka mteja anatokea mahali ambapo hajawahi kufika. Kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, miaka ya 1990, wapigapicha walisimamisha vibanda vyenye mandhari yaliyochorwa na kupambwa kiasi kwamba msafiri alipigwa picha akiwa mbele ya meli au jumba la fahari bila kuondoka kivukoni. Hawa nao walikuwa wakivuta wazo kutoka kwenye riziki ya kila siku. Tofauti ni kwamba mapambo yao yalikuwa ya mteja. Fremu ya mwisho ya Fosso ilikuwa yake.

Duka la Tati

Sehemu ngumu ya kisa hiki, na ambayo kwangu ina faida zaidi kwa mtu aliye kazini, inaanza baada ya sifa. Mwaka 1997 duka la Tati la Paris, maarufu kwa nguo za bei poa, lilikuwa likijiandaa kuadhimisha miaka 50, likawaalika Keïta, Sidibé na Fosso. Hebu fikiria nafasi aliyokuwa nayo. Dunia imemjua kwa picha nyeusi na nyeupe za bugaluu na raizoni. Wanaoalika wanataka kile walichokiona. Yeye sasa ana miaka 35, hana fremu za kubaki, hana bibi wa kumwandikia kwa picha. Sharti zote mbili zilizozaa wazo la kwanza hazipo.

Angeweza kurudia. Soko lingenunua. Badala yake alikuja na rangi kali na wahusika. Akawa mwanamke Mmarekani aliyejikomboa wa miaka ya 70, akawa mchezaji gofu, akawa mlinzi wa ufukweni, akawa haramia. Picha iliyosafiri zaidi ni ya chifu aliyeiuza Afrika kwa wakoloni. Ameketi mbele ya vitenge vya maua mchanganyiko, amejifunga ngozi ya chui, kofia ya chui kichwani, mikufu ya dhahabu imelala kifuani, miwani ya fremu nyeupe, viatu vyekundu, na mkononi ameshika maua ya alizeti badala ya upanga au fimbo. Msomaji wa Kongo hahitaji kuambiwa kofia ile ya chui inamkumbusha nani: Mobutu, mtawala wa zamani wa nchi hiyo. Kinachonivuta ni yale maua. Mfalme mwenye shada la alizeti anachekesha kwanza, halafu unasoma jina la picha na kicheko kinakwama.

Alichobaki nacho kutoka Bangui ni kitu kimoja: mwili wake mwenyewe mbele ya pazia. Vingine vyote alivibadilisha, na safari hii alikuwa na wapambaji na watu wa mavazi wa kumsaidia. Ni mpangilio ule ule niliousema, ila umegeuzwa. Usiku wa Bangui alishikilia vifaa akabadilisha mhusika, Paris alishikilia mwili wake tu akabadilisha mengine yote. Na mpokeaji alibadilika pia. Bibi alihitaji kutulizwa. Wateja wa duka la Paris hawakuhitaji kutulizwa hata kidogo, nadhani yeye aliliona hilo mapema kuliko waliomwalika.

Baada ya hapo kila mfululizo wake ukiuuliza "hii ni ya nani?" unapata jibu. Wa mwaka 2000 ulikuwa wa rafiki aliyeuawa Bangui wakati wa machafuko. Wa mwaka 2003 ulikuwa wa babu, yule mganga, aliyetaka mjukuu amrithi kazi, na mjukuu akaenda kuwa mpigapicha. Mwaka 2008 akatoa mfululizo wa picha 14 akiwa katika sura za watu kama Patrice Lumumba, Kwame Nkrumah, Haile Selassie, Angela Davis, Malcolm X.

Huo wa 2008 unastahili kutazamwa na yeyote anayeogopa kuiga. Fosso hakuiga watu tu, aliiga picha. Martin Luther King wake ni King wa picha ya polisi wa Montgomery, na kibao cha namba kifuani. Muhammad Ali wake amechomwa mishale mwilini, kama alivyotokea kwenye jalada la jarida moja la Marekani mwaka 1968. Tommie Smith wake, yule mwanariadha, ameinua ngumi kama kwenye jukwaa la Olimpiki ya Mexico mwaka huohuo. Alikwenda kwenye picha ambazo kila mtu ameshaziona, akazirudia kwa uaminifu wa kuogopesha, mwanga kwa mwanga, kidevu kwa kidevu. Anayezitazama anakumbuka kwamba hakuwahi kumwona King wala Ali, aliona picha zao. Kuna kuiga kwa mtu anayetaka asionekane ameiga, na kuna huku, ambako chanzo kimewekwa mezani. Wanaochukua pozi za mabingwa kutoka mtandaoni na kubadilisha rangi kidogo wangejifunza mengi wakifanya zoezi hili kikamilifu hata mara moja, kwa picha moja tu.

Kinachohamishika na kisichohamishika

Memori kadi haina fremu ya mwisho. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu kuna wanaosoma kisa cha Fosso na kuhitimisha kwamba warudi kwenye mkanda. Mkanda leo ni ghali, na jambo zima la Bangui lilisimama juu ya fremu isiyogharimu kitu. Ukinunua mkanda kwa bei ya leo ili upate mabaki, umeanza upya mkwamo uleule wa mtu anayenunua lenzi.

Mabaki ya kazi ya sasa ni ya aina nyingine. Ni nusu saa kabla bibi harusi hajatoka saluni, taa zako zimeshasimamishwa ukumbini na hakuna anayekutazama. Ni pazia la kijani lililobaki limetundikwa baada ya picha za wahitimu. Ni chumba cha hoteli ambacho mteja wa matangazo amekilipia mpaka saa nne asubuhi ya kesho na amemaliza saa mbili usiku. Kitu kimeshalipiwa, kimeshapangwa, na hakuna oda juu yake. Tahadhari ni moja, mkataba. Kuna wateja wa kampuni ambao kila kitakachopigwa kwenye eneo lao ni mali yao, na picha yako ya usiku inaweza kuwa kesi. Uliza kwanza.

Sehemu ya mpokeaji inahamishika kwa shida zaidi. Ukurasa wa mtandaoni siyo bibi. Wafuasi elfu kumi hawana wasiwasi kama umekonda. Nimesikia wapigapicha wakisema wanajipigia wenyewe, na huenda ni kweli, lakini kazi za Fosso zilizo dhaifu zaidi kwangu ni zile ambazo mpokeaji wake hasomeki, ambapo vazi limekuwa zuri na hakuna anayeambiwa jambo. Wengine watanibishia, na mfululizo wake wa Mao Zedong wa mwaka 2013, ambapo anacheza kiongozi wa China akiitazama Afrika, una watetezi wakali kuliko mimi.

Na kuna mwaka 2014. Februari ya mwaka huo, vita ikiwa imepamba moto Bangui, nyumba yake iliporwa, yeye hakuwepo. Negativu na picha zilitupwa nje, zikatapakaa barabarani, na waandishi wa habari waliokuwa wakipita ndio waliookota walichoweza. Familia yake ilikuwa imeshahamia Nigeria. Mwaka uliofuata, akiwa Paris, alianza mfululizo wa picha 666 za polaroidi, zile zinazotoka papo hapo kwenye kamera. Hakuna mavazi ndani yake, hakuna miwani, hakuna chui. Ni uso na mabega, chumba kimoja, mkao karibu uleule, na hisia tofauti kila picha. Polaroidi haina negativu. Kila picha ni ya pekee, ikitupwa barabarani haisafishiki upya. Sijamsoma akisema kwamba alichagua polaroidi kwa sababu hiyo, ila sioni jinsi ya kuzitazama bila kufikiri juu ya makasha yale ya Bangui.

Orodhesha miaka: 1997, 2000, 2003, 2008, 2013, 2015. Kati ya mfululizo mmoja na mwingine kuna miaka miwili, mitatu, hata mitano. Mtu anayetaka wazo jipya kila Jumatatu, kisa hiki hakina la kumpa. Kwa sehemu kubwa ya muda huo Fosso aliendelea kuishi Bangui, akiwa na studio yake, akipiga watu wa mtaani picha za kutambulika kwa urahisi.